KODI YA KICHWA IMERUDI, SASA INAITWA LESENI

Wazee wa mji huu walikuwa wakisimulia jinsi watu walivyojificha siku ya msako wa kodi. Kabla jua halijapanda askari wameingia mtaani, na kila mwanamume anayepita anaulizwa neno moja tu: "Iko wapi risiti?" Haulizwi kama amekula, wala kama ana kazi. Anahesabiwa kwa kuwa ana kichwa. Mjerumani alianza na kodi ya nyumba mwaka 1897. Mwingereza akaleta sheria yake ya kodi ya nyumba na kichwa mwaka 1922, na mwenye wake wawili katika nyumba mbili akalipa mara mbili. Hata baada ya Uhuru kodi za namna hiyo ziliendelea kubadili majina, mpaka kodi ya maendeleo ilipofutwa mwaka 2003, na watu wakapumua.

Basi, ndugu wananchi, msipumue sana. Kodi ile imerudi. Safari hii haikuletwa na Bwana Shauri wala tarishi wake. Imeletwa na kijana mtanashati mwenye tai na kompyuta ndogo ya kukunja, anayesema "karibu sana mzee" huku akikusogezea karatasi ya kutia sahihi. Jina lake jipya ni leseni ya programu.

Nitaeleza nilivyoijua. Yuko ndugu mmoja wa Tandika, mwuzaji wa jumla wa sabuni, unga, sukari na mafuta ya kupikia. Huwauzia wenye maduka na magenge kuanzia Yombo mpaka Mbagala Rangi Tatu na Chamazi. Ana watu 40 wa kazi, yaani makarani, madereva, wapakuzi na walinzi. Wenye maduka wanaonunua kwake wamefika 1,200. Miaka yote oda zilikuja kwa simu na kwa daftari, na haikupita siku bila ugomvi. Mwenye duka anasema aliagiza katoni 10, karani ameandika 6, dereva ameteremsha 8. Ndugu huyu akaona afungue lango la biashara katika intaneti, ili kila mwenye duka aingie kwa simu yake mwenyewe, aone bei ya leo, aagize, na aone deni lake bila kubishana na mtu. Wazo zuri kabisa, na nilimsifu.

Akaenda ofisi moja ya mjini, yenye kiyoyozi na viti vya ngozi, akapewa karatasi ya makadirio. Mwenye ofisi simtaji, kwa kuwa hayuko peke yake katika mchezo huu. Jumapili jioni akaniletea karatasi ile barazani. Ilikuwa imepangwa vizuri, kwa rangi, na jumla yake haikutisha. Nikaisoma mara mbili. Makadirio yote yalikuwa ya watu 40.

Nikamwuliza, "Ndugu yangu, lango hili unalifungua kwa ajili ya nani?"

Akasema, "Kwa wenye maduka."

"Humu ndani wako wapi?"

Akachukua miwani yake. Tukatafuta pamoja, tukawakuta chini kabisa, katika maandishi madogo kama sisimizi: watumiaji wa nje watatozwa kwa kadiri ya idadi na matumizi yao. Watu 1,200 ambao ndio sababu ya lango lenyewe kujengwa walikuwa wamefichwa katika mstari mmoja. Na yeye siku ya Jumatatu alikuwa aende kutia sahihi.

Hapo ndipo penye hila, na ndiyo maana naandika. Anayekadiria gharama ya lango kwa kuhesabu makarani wake ni sawa na mwenye basi anayekadiria mafuta kwa kuhesabu dereva na kondakta. Abiria je? Lango la watu wa nje hesabu yake huanza kwa watu wa nje. Asiyejua hesabu hiyo kabla ya sahihi ataijua baada ya sahihi, na hapo itakuwa imekwisha kuwa deni.

Twende kwa tarakimu, maana maneno matupu hata wauzaji wanayo. Nitahesabu dola moja kwa Sh. 2,500 ili kichwa kisiume. Microsoft ilipoanza kuuza rasmi Power Pages, huduma yake ya kujengea malango kama hayo, mwaka 2022, bei iliyotangazwa katika orodha yake ilikuwa dola 200 kwa mwezi kwa kila fungu la watu 100 wanaoingia kwa majina yao katika lango moja. Ndiyo kusema dola 2 kwa kichwa. Ukisikia dola 2 utacheka: bei ya soda chache tu! Lakini watu 1,200 ni mafungu 12, na mafungu 12 ni dola 2,400 kwa mwezi, yaani Sh. 6,000,000. Kwa mwaka ni Sh. 72,000,000. Gawanya kwa maduka yako, kila duka linadaiwa Sh. 5,000 kila mwezi kabla halijaagiza hata kipande cha sabuni. Ndugu yangu wa Tandika, akipata faida ya Sh. 500 kwa katoni, itambidi auze katoni 10 kwa kila duka kila mwezi kwa ajili ya kulipia mlango tu. Na akifanikiwa, akafika maduka 3,000, mlango utakula Sh. 180,000,000 kwa mwaka. Kadiri anavyopata wateja ndivyo anavyotozwa. Kama hiyo si kodi ya kichwa, basi mimi sijui Kiswahili.

Na hapo nimesema hesabu nyepesi. Iko mizani zaidi ya mmoja, na muuzaji huchagua mzani anaoupenda. Mmoja huhesabu mtu: aingie mara moja au mara mia katika mwezi, ni kichwa kimoja. Mwingine huhesabu kuingia. Kuanzia Oktoba 2019 malango ya kampuni hiyo hiyo, kabla ya Power Pages, yaliuzwa kwa mafungu ya kuingia, na kuingia kumoja kulidumu kwa muda usiozidi saa 24. Sasa tazama. Mwenye duka wa Mbagala huangalia bei kila asubuhi kabla ya kufungua. Akiingia siku 26 za kazi, kwa mzani wa kwanza ni mtu mmoja, kwa mzani wa pili amehesabiwa mara 26. Maduka yale yale 1,200 yamekuwa kuingia 31,200! Hakuna mtu mpya aliyezaliwa, hakuna duka jipya lililofunguliwa.

Tena iko mizani ya mtu na ya chombo, na hii inafanana kabisa na kodi ya kichwa na kodi ya nyumba. Ukihesabu chombo, duka lenye vijana watatu wanaotumia simu moja ni leseni moja. Ukihesabu mtu, ni tatu. Lakini mama mwenye simu mbili, moja ya mtandao huu na moja ya mtandao ule kama ilivyo desturi yetu hapa mjini, kwa chombo ni mbili na kwa mtu ni moja. Nani kati ya wauzaji hawa amewahi kukaa kwenye genge la Tandika akaona simu inavyopokezanwa? Hakuna. Ni wewe unayejua, na kwa hiyo ni wewe unayepaswa kuhesabu.

Na usihesabu mwezi wa kawaida. Hesabu mwezi wa Ramadhani unapokaribia Idi, na Desemba, wakati hata duka lililolala linaagiza sukari. Mwezi huo ndio utakaopasua mkataba wako ikiwa umenunua mafungu ya mwezi wa kiangazi.

Sasa tushuke chini ya sakafu. Kila lango hukaa juu ya hifadhidata, ghala la kumbukumbu ambamo oda na madeni huwekwa, na ghala hilo nalo lina leseni yake. Hapa nimeona watu wakiumizwa vibaya kuliko popote. Chukua SQL Server ya mwaka 2022, toleo la kawaida. Bei zake zilizotangazwa ni za namna mbili. Namna ya kwanza, unalipa dola 989 kwa seva, halafu dola 230 kwa kila kichwa au chombo kinachoifikia. Namna ya pili huhesabu kori, yaani sehemu za prosesa zinazofanya kazi ya hesabu ndani ya mashine. Kori mbili ni dola 3,945, na huruhusiwi kununua chini ya kori nne, basi mwanzo wake ni dola 7,890. Ukishalipa hiyo, waingie watu 10 au 10,000, hakuna anayehesabu vichwa.

Muuzaji akikuonyesha dola 989 kando ya dola 7,890, mfanyabiashara yeyote mwenye akili ya kawaida atachagua ile ndogo. Hapo ameingia mtegoni. Watu 40 wa ndani na 1,200 wa nje ni vichwa 1,240. Mara dola 230 ni dola 285,200. Ongeza seva, inakuwa dola 286,189, yaani zaidi ya Sh. 715,000,000. Ile nyingine iliyoonekana ghali ni Sh. 19,725,000. Ghala lile lile, kazi ile ile, tofauti ni mara 36! Nilikaa nikatafuta mpaka wa njia hizi mbili uko wapi, nikakuta watu 30 wanafika dola 7,889. Dola moja chini! Mtu wa 31 akipita mlangoni tayari umepata hasara. Na ni biashara gani ya jumla hapa Temeke yenye wateja 30?

Wapo wajanja watakaosema: "Mzee, sisi tutaweka lango mbele, lango litaingia ghalani kwa jina moja, basi ni kichwa kimoja." Hapana. Mwenye mali alikwisha fikiria ujanja huo zamani. Masharti yake yanasema kupitisha watu wengi katika mlango mmoja hakupunguzi leseni zinazotakiwa. Anahesabiwa yule aliye mwisho wa kamba, mwenye duka wa Chamazi, hata kama hajui kwamba kuna kitu kinachoitwa SQL Server duniani.

Neno lenyewe "mtu wa nje" lina mwenye kulifasiri, na si wewe. Katika masharti ya Microsoft, mtu wa nje ni yule asiye mwajiriwa wako wala wa kampuni dada, na asiye mkandarasi au wakala anayefanya kazi mahali pako. Kwa hiyo wakala wako aliye kwenye kibanda chake Mbagala ni wa nje. Ukimpa meza katika ofisi yako, amegeuka wa ndani, na bei yake imegeuka. Madereva wa kukodi wanaoshinda uani kwako je? Walinzi wa kampuni nyingine? Usijibu kwa kukisia. Mwambie muuzaji akuandikie jibu, na atie sahihi yeye kwanza.

Tena masharti hayo hayakai mahali pamoja. SharePoint ya mwaka 2010 ilikuwa na leseni ya pekee, ya bei kubwa, kwa malango ya watu wa nje. Ilipokuja ya mwaka 2013 leseni ile ikaondolewa, na watu wa nje wakaacha kuhesabiwa vichwa. Walionunua mwaka wa kabla yake waliambiwa nini? Bahati mbaya. Wakati mwingine mabadiliko huja kinyume. Januari 2023 Oracle ilibadili jinsi ya kuuza Java. Zamani walihesabu watumiaji na prosesa. Tangu hapo mpango mpya ukahesabu wafanyakazi wote wa kampuni, wa kudumu, wa muda, na hata wa wakandarasi wanaosaidia kazi za ndani, awe anaitumia Java au haitumii. Bei iliyotangazwa kwa kampuni ndogo ilikuwa dola 15 kwa kichwa kila mwezi. Kwa watu 40 wa ndugu yangu wa Tandika ni dola 7,200 kwa mwaka, sawa na Sh. 18,000,000, na kati yao 25 ni wapakuzi, madereva na walinzi ambao hawajapata kugusa kompyuta. Mlinzi wa usiku pale getini, na rungu lake, analipiwa kodi California au Texas! Ndugu, hata Mwingereza hakuwatoza wasiokuwapo katika mji wake.

Na mwishoni mwa 2023, Broadcom ilipokwisha kuinunua VMware, ikaacha kuuza leseni za kudumu; anayetaka akodi. Sisemi wamevunja sheria. Mali ni yao. Nasema kwamba anayejenga nyumba ya biashara yake juu ya kiwanja cha kukodi lazima aweke katika makadirio yake siku ambayo mwenye kiwanja atapandisha kodi.

Lipo jambo la fedha yenyewe. Mwaka 2014 dola ilikuwa kama Sh. 1,650. Katikati ya 2024 ilipita Sh. 2,600, na kabla ya hapo, mwaka 2023, watu walizunguka mabenki ya mji huu wakitafuta dola hawazipati. Tangu Machi 2025 ziko Kanuni zinazokataza kutangaza na kutoza bei kwa fedha za kigeni kwa bidhaa na huduma za hapa nchini, na ni jambo jema. Kwa hiyo karatasi ya ndugu yangu iliandikwa kwa shilingi. Lakini bei ya mwenye mali huko kwao ni ya dola, na mwaka ukigeuka karatasi mpya inaletwa na kiwango kipya. Ongeza VAT ya asilimia 18. Malipo yakiwa ni mrabaha kwenda kwa mtu wa nje ya nchi, iko kodi ya zuio ya asilimia 15, na mikataba mingi husema mwenye mali lazima apokee kiasi chake kizima bila kukatwa. Maana yake kodi ile inarudi mgongoni mwako: ili yeye apokee 100 itabidi wewe utoe karibu 118. Karatasi ya Tandika haikuwa na hata neno moja la hayo. Mwulize mhasibu wako, usimwulize muuzaji.

Najua jibu la baadhi yenu. Mtu atasema, "Kwa nini tujisumbue? Nenda Kariakoo, wapo vijana watakuwekea programu yoyote kwa Sh. 20,000." Chama hakiwezi kumshauri mwananchi wizi, na mimi siwezi. Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 1999 ipo. Lakini hata ukiacha sheria, biashara yenye lango la watu 1,200 haifichiki. Iko wazi mbele ya dunia nzima, na mikataba ya leseni humpa mwenye mali haki ya kuja kukukagua. Programu ya wizi haipati marekebisho ya usalama, na siku madeni ya wateja wako yatakapofutika hutakuwa na pa kushtaki. Anayeiba kwa beberu bado ni mtumwa wa beberu, ila ni mtumwa mwenye hofu.

Njia nyingine ipo, nayo ni halali. Iko hifadhidata iitwayo PostgreSQL, iliyoanzia Chuo Kikuu cha California pale Berkeley mwaka 1986, na leo inatunzwa na mafundi wa nchi nyingi. Leseni yake haina bei, wala haihesabu kichwa, chombo, kuingia au kori. Iko Linux ya kuendeshea seva. Hata mfumo wa takwimu za afya ambao Wizara yetu inautumia, DHIS2, ulizaliwa katika Chuo Kikuu cha Oslo kwa masharti kama hayo, na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wameufanyia kazi miaka mingi. Hakuna zahanati ya Temeke inayotozwa kichwa kwa ajili yake.

Na Serikali yenyewe imekwisha onyesha kwamba jambo hili linawezekana. Mfumo wa malipo ya Serikali, GePG, ambao tangu 2017 umempa mwananchi kumbukumbu namba ya kulipia ada na tozo, ulijengwa na wataalamu wetu. Mfumo wa uhasibu wa Epicor uliokuwa wa nje ukaachia nafasi MUSE, iliyojengwa na watu wa Wizara ya Fedha. Manunuzi ya umma yalikuwa katika TANePS, iliyotengenezwa na kampuni ya Ulaya. Mwaka 2023 ikaja NeST, kazi ya mikono ya Watanzania. Na NeST, fikirini, ni lango la watu wa nje hasa: fundi seremala wa Keko, kikundi cha akina mama wa Mwananyamala kinachotafuta sehemu yake katika ile asilimia 30 ya makundi maalumu, kampuni kubwa na ndogo za nchi nzima. Kila mmoja wao angekuwa kichwa cha kulipiwa dola kila mwezi, nani angethubutu kuwaita wote waingie? Ingebidi Serikali iombe wazabuni wawe wachache! Sisemi NeST haina kasoro. Anayejaza zabuni yake usiku Chamazi umeme ukikatika anazijua. Lakini kasoro zake tunaweza kuzirekebisha wenyewe, hapa hapa, bila kuandika barua ng'ambo.

Sasa nisije nikawa mwongo kama wale ninaowasema. Programu isiyo na bei ya leseni si bure. Inataka watu. Tuliketi na ndugu yangu tukakadiria: vijana wawili hodari kwa Sh. 1,500,000 kila mmoja kwa mwezi ni Sh. 36,000,000 kwa mwaka. Tukaweka Sh. 6,000,000 za kukodi mashine na kutunza nakala za akiba. Jumla Sh. 42,000,000. Kama angekuwa na maduka 50 tu, ningemwambia nenda kanunue fungu moja la dola 200, Sh. 6,000,000 kwa mwaka, na usitafute makuu. Lakini kwa maduka 1,200 hesabu inageuka, na kwa 3,000 haina mjadala, kwa kuwa vijana wale wawili hawapandi mshahara kila duka jipya linapoandikwa. Na fedha yao inanunua unga Temeke.

Vijana wenyewe wapo. Ukipita Kijitonyama utakuta chuo cha kompyuta cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na si mbali ipo Tume ya Sayansi na Teknolojia. Kila mwaka wanahitimu, halafu tunawakuta wakiuza vocha na kava za simu huku sisi tukipeleka mamilioni nje kulipia vichwa vya wapakuzi. Ila vijana nao nawaambia: msitufanyie hila zenu. Nimeuona mfumo uliokufa siku kijana aliyeujenga alipopata kazi Nairobi, kwa kuwa maneno ya siri yote yalikuwa kichwani mwake na hakuandika hata ukurasa mmoja wa maelezo. Mwenye biashara alipoteza miezi minne. Kwa hiyo programu yote na maelezo yake vikae mikononi mwa mwenye biashara tangu mwezi wa kwanza, na wawili wajue kazi ya mmoja.

Wakulima wa pamba wa Kanda ya Ziwa waliwahi kufika mahali kama hapa. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 waliona kwamba mzani wa mnunuzi hausemi kweli. Hawakuishia kunung'unika. Waliweka wapimaji wao wenyewe wasimame kando ya mzani, na kutoka hapo, Paul Bomani akiwa mbele, vikazaliwa vyama vya ushirika vilivyoungana mwaka 1955 na kuwa Shirikisho la Victoria. Sisi wa Kinondoni na Temeke tunashindwa nini kuweka mpimaji wetu? Wafanyabiashara 20 wa jumla wakiungana, wakalipa vijana wanne, lango moja lingewatosha wote, kila mmoja na ghala lake na bei zake. Matawi yetu yana kumbi zinazokaa tupu siku za kazi. Yana katibu anayejua kila mwenye duka katika kata. Kwa nini jambo hili lisiwekwe katika ajenda ya mkutano wa tawi, pamoja na mambo ya mitaro na taka?

Jumatatu ndugu yangu hakwenda kutia sahihi. Alikwenda na karatasi yake mwenyewe, tuliyoiandika barazani kwa kalamu: nani ni mtu wa nje kwa masharti yenu, mnahesabu mtu, chombo, au kuingia, ghala la chini linahesabiwa kwa vichwa au kwa kori, mashine ya majaribio nayo inalipiwa, kodi ya zuio ni ya nani, bei ya mwaka wa tatu ni ngapi, na siku nikiondoka, oda na madeni ya wateja wangu mtanirudishia katika hali gani, na kwa siku ngapi. Kijana mwenye tai aliisoma, akatoka kwenda kumwita mkubwa wake. Mkubwa akasema maswali hayo hayajapata kuulizwa na mteja wa Temeke, na kwamba itambidi aandike nje kupata majibu.

Mpaka gazeti hili linakwenda mitamboni majibu hayajaja. Wafanyabiashara wengine wanne wa Tandika na Mbagala wameomba nakala ya karatasi ile, na Jumamosi saa 10 alasiri watakutana dukani kwa ndugu yetu, pamoja na vijana wawili kutoka Kijitonyama. Mwenye makadirio ya aina hii ndani ya droo yake, ambayo bado hajayatia sahihi, aje nayo.